Bawabu Alalaye Ubavu

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Nina mlinzi mlangoni pangu. Jina langu analijua, siri yangu anaijua, miaka nenda miaka rudi ananifungulia, na kila asubuhi ananipokea kama mgeni aliyekosea nyumba. Humo ndani kiti changu kipo nilipokiweka na taa inawaka nipendavyo. Yeye, aliyesimama hatua moja tu kutoka hapo, hana habari. Ni nani?

Ukisema mbwa, umekosa. Mbwa angenizoea siku ya tatu. Ukisema mume, umenichekesha, lakini bado. Na mji usinipe, sitauchukua. Kaa tu. Jibu liko kwa mwanamke mmoja aliyelaza shavu juu ya meza saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkononi ameshika chupa ya maji, na anamsema mtu asiye na masikio.

"Lala," Wawuda alikuwa akimwambia. "Lala tu, baba. Wenzako wameamka, wewe lala."

Wawuda alikuwa mlinda nyavu wa zamu ya asubuhi pale Ighangu, juu kwenye milima ya Taita. Usiulize mvua ilikwenda wapi. Miaka hiyo mvua ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Watu wa Ighangu walikunywa ukungu. Nyavu mia nne zilisimama ukingoni mwa mlima, kila moja pana kama ukuta wa kanisa. Ukungu wa alfajiri ukipita katikati yake uliacha jasho kwenye nyuzi, jasho likatiririka kwenye mifereji, na mifereji ikashuka hadi kwenye matangi ya kijiji. Injini ndogo zilizitandaza nyavu asubuhi na kuzikunja adhuhuri zikishakauka, maana wavu ukikunjwa mbichi unaoza. Injini zote hizo zilisikiliza mtambo mmoja wenye skrini tatu, ndani ya chumba chenye dirisha moja la mashariki.

Lakini mtambo haukumsikiliza kila apitaye. Mbele yake alikaa Bawabu. Hakuwa mtu, alikuwa programu tu ya mlangoni, ile inayokuuliza u nani kabla hujagusa lolote la ndani. Bawabu wa Ighangu aliuliza kwa picha. Alimwaga picha tisa kwenye skrini, kila mara kwa mpangilio mwingine, na mlinzi aguse nne zake kwa zamu. Za Wawuda zilikuwa chungu, nyuki, jembe, mwezi. Ukikosea unasubirishwa. Ukikosea mara tatu mlango unafungwa muda wa kuivisha sufuria ya maharagwe, na hapo hata ulie damu.

Tabu ni kwamba Bawabu alizitandika picha zake kwenye skrini ya kulia. Na skrini ya kulia, tangu miezi mitano iliyopita, ilikuwa imesimamishwa wima na Mwaluma wa zamu ya jioni, aliyetaka kuziona nyavu zote kwa safu moja ndefu. Mwaluma alipoingia ndani mtambo uliijua skrini kuwa imesimama, ukamwonyesha mambo yamesimama. Bawabu hakujua. Alijitandaza juu yake vilevile kama zamani, kwa hiyo akaonekana amelala ubavu, picha zake ndogo kama punje za mtama, nyeupe juu ya kijivu.

Ndiyo maana shavu lilikuwa mezani, na ndiyo maana ya chupa. Chupa ya maji ukiisogeza karibu na kioo, inakuza. Wawuda alilaza shavu la kulia, jicho la kushoto likabaki juu, akaipitisha chupa polepole.

"Dada Wawuda," sauti ikaja dirishani. Ilikuwa ya Mwaluma. Asubuhi alipenda kukaa uani akishona nyavu zilizofumuka, eti nyumbani kwake kuna kelele. "Siku hizi unasali kwa shavu?"

"Nasali uondoke hapo dirishani, unaniziba."

"Niombee na mimi mgongo."

"Mgongo wako ndio ulioisimamisha hiyo skrini. Utaombewa na mwingine."

Chungu. Nyuki, kule pembeni. Jembe. Mwezi. Mlango ukafunguka, na skrini ya kushoto ikawaka kama mtu aliyefurahi kukuona: herufi kubwa kama mdomo wa kikombe, za njano juu ya nyeusi, kila kitu upande wa kushoto, alivyokipanga mwenyewe. Wawuda akainua kichwa, akajinyoosha shingo, akatandaza nyavu.

Alikuwa mlinzi mzuri, na hili liwe wazi tangu sasa. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kupoteza hata wavu mmoja.

*

Fundi Righa alifika saa moja kasoro robo, kama kawaida yake, Wawuda akiwa ameshaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa tena. Nilikuambia uje kabla sijafungua."

"Kupanda kutoka Voi si mchezo, mama. Haya, tuone." Akavuta kiti, akatazama skrini ya kushoto, akatazama ya katikati, akaguna kwa kuridhika. "Mbona kila kitu sawa? Kushoto, kubwa, njano juu ya nyeusi. Ndivyo ulivyotaka."

"Humu ndani ni sawa. Mimi nasema mlangoni."

"Nitahifadhi mipangilio tena."

"Umehifadhi mara sita, Righa."

"Ya saba itashika."

Wawuda akamtazama. Righa alikuwa kijana mwema wa miaka thelathini na kitu, mikono misafi, sanduku la vifaa limepangwa kama kabati la bibi harusi. Ubaya wake ni mmoja: alikuwa hajawahi kumwona Bawabu wa Ighangu akiwa kazini. Kila alipokuja mlango ulikuwa wazi. Kila alipokagua, alikagua ndani. Na ndani hapakuwa na kosa.

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akikuita akakuambia paa la baraza linavuja, huendi chumbani kwake ukapapasa kitanda, ukasema, mama, mbona pakavu."

"Sasa nifanyeje? Toka, basi, nimwone."

"Nitatokaje na nyavu zinatembea?" Kanuni ilikuwa hiyo: nyavu zikianza kutandazwa mlinzi hatoki mpaka ya mwisho ifungwe komeo, na kazi hiyo ilikula saa moja unusu. "Ndiyo hadithi yetu miezi mitano. Wewe una haraka, mimi nina nyavu. Leo huondoki."

Akamwekea sahani ya kimanga cha jana, mihogo na maharagwe yaliyopondwa, akampashia na chai, akamkalisha kwenye kigoda kati yake na mlango. Righa alikula akitazama saa. Alipomaliza alitazama saa tena. Wavu wa mia nne ulipofungwa komeo, Wawuda akatoka kwenye mtambo, skrini zote zikawa nyeusi, kisha ile ya kulia ikawaka.

Righa aliinama upande mmoja. Akainama zaidi, mpaka sikio likakaribia bega.

"Amelala ubavu," akasema.

"Asante."

"Na picha ni ndogo kweli."

"Asante tena. Miezi mitano nakuambia, ukadhani ni uzee."

Righa akapiga goti mbele ya mtambo. Alifungua sanduku, akachomeka kidude chake, akasoma, na polepole mambo yakaanza kumwelea. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyejikuta ameshika miwani anayoitafuta.

"Mama, nimekuwa nikihifadhi chumbani kwako."

"Ndiyo nini?"

"Kila mlinzi ana chumba chake humu ndani ya mtambo. Vitu vyako, mpangilio wako, ukubwa wa herufi, skrini gani ianze, vyote viko chumbani kwako na mlango umefungwa. Mwaluma naye ana chake. Sasa Bawabu naye ni kama mkazi tu. Ana chumba chake, kitupu, na anaamka kabla yenu wote. Ya kwako hayaoni. Hana ufunguo."

"Mpe ufunguo."

"Hapewi. Bawabu ndiye anayeongea na kila mpita njia. Mtu akimhadaa yeye akiwa na funguo za vyumba vyote, amewapata wote. Wamemtengeneza hivyo makusudi. Hakuwa anakudharau, mama. Alikuwa hakujui."

Wawuda alikunja mikono kifuani. Miezi mitano alikuwa amemwita Bawabu kila jina analolijua, na mengine aliyatunga.

"Sasa dawa yake?"

"Rahisi. Natoa nakala ya mpangilio wako, naiweka chumbani kwa Bawabu. Akiamka anaivaa yeye. Anakuja kushoto, herufi kubwa, njano, wima." Righa akanyoosha kidole, kisha akakirudisha. "Ila ana nafasi ya nakala moja tu. Itakayowekwa hiyo ndiyo watakayoiona wote, pamoja na wanaosoma maji kule barazani."

Nje, ukutani, palikuwa na skrini nyingine, nayo imesimama wima, ambako watu wa kijiji walikuja kusoma maji yaliyonaswa. Mtambo ukiwa umefungwa, walimwona Bawabu.

"Na kanuni yenu," Righa akaendelea, "inasema chochote cha Bawabu hakibadilishwi mpaka kisomwe barazani, na jina la mwenye mpangilio, na sababu yake."

Hapo Wawuda akageukia sahani tupu.

Kabla yake mlinzi alikuwa Malemba, mzee aliyependwa na wote. Malemba macho yalimchoka akaficha, na siku moja akasoma mshale wa upepo kinyume, akazifungua nyavu zikiutazama upepo badala ya kuupa ubavu. Nyavu mia zilipasuka kama karatasi ya kufungia chumvi. Ighangu ikapanga foleni ya maji siku arobaini, na ng'ombe wa upande wa chini hawakubaki. Tangu hapo baraza likaandika kwamba mlinda nyavu awe na macho mawili yanayoona, na kila Januari asimame aulizwe. Mlinzi akitoka kazini anatoka na nyumba pia, kwa kuwa nyumba ni ya mlinzi. Januari iliyopita mwenyekiti, Bi Mkawasi, alimuuliza, "Macho, Wawuda?" Naye akajibu, "Yapo." Watu wakacheka, akaketi.

"Mama," Righa alisema kwa sauti ya chini, maana hakuwa mjinga. "Kwa nini umepanga kila kitu kushoto? Na kikubwa hivi? Jicho la kulia linaona?"

Wawuda akazoa sahani. Akaifuta kwa kitambaa, upande huu, upande huu tena.

"Kitendawili," akasema.

"Mama."

"Kitendawili, nimesema."

Righa akapumua. "Tega."

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Moja nimeliziba, na mwanga haukupungua."

"Nakupa mji. Nakupa Mombasa."

"Mombasa siitaki, ina foleni ya maji kuliko sisi. Fikiri njiani."

Righa hakucheka. Alifunga sanduku lake taratibu, kifaa baada ya kifaa.

"Kuna njia nyingine," akasema bila kumtazama. "Naweza kumlaza Bawabu kabisa. Mtambo ukiwaka, unaingia moja kwa moja kwa jina lako, bila kuuliza mtu. Hakuna picha, hakuna baraza, hakuna kusomwa kitu. Nusu dakika."

"Na mtu mwingine akiingia chumbani humu?"

"Atakuwa wewe."

Wawuda alilitafakari, nisikufiche. Aliona asubuhi zake bila chupa, bila shavu baridi la meza. Kisha akaona mtoto yeyote wa kijiji, au mlevi yeyote, ameketi pale na nyavu mia nne mkononi, na jina juu yake limeandikwa Wawuda.

"Acha alivyo," akasema. "Nitamzoea."

"Miezi mitano hujamzoea."

"Nitaanza leo. Nenda, jua linakuwa kali."

*

Siku ya tatu yake, saa nne asubuhi, king'ora cha kituo cha kupimia upepo, chini ya mlima, kililia mara tatu. Maana yake ni upepo wa vumbi kutoka nyika, na maana yake imebaki robo saa ufike. Kuzikunja nyavu kunakula dakika kumi na mbili. Wawuda alikuwa na dakika tatu za ziada, na mlinzi mzuri hahitaji hata moja.

Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye amri ya kukunja pale vinu vya upepo mlimani vilipojifunga breki, kama vifanyavyo dhoruba ikinukia. Umeme ukayumba. Mtambo ukazima, ukajiwasha, na skrini ya kulia ikameta.

"Sasa hivi?" Wawuda akamuuliza. "Siku zote hizo, sasa hivi?"

Bawabu alilala ubavu, picha tisa kifuani.

Asubuhi na mapema huwa anaweza, kwa kuwa jua bado halijafika dirishani. Saa nne jua lilikuwa limejaa kioo chote, likaifanya skrini ya kulia kuwa bati jeupe. Wawuda alivua leso yake, akaitundika dirishani kwa misumari miwili ya zamani. Akalaza shavu. Akaleta chupa. Ndani ya chupa jua likavunjika vipande vipande.

Chungu, hapa. Nyuki, yule pale. Jembe. Akagusa, akagusa. Bawabu akalia mara moja, mlio wa kukataa, akaandika asubiri dakika moja. Lile halikuwa jembe, lilikuwa kijiko.

Dakika moja ni ndefu kiasi gani, muulize aliyesimama nje ya mlango wake mwenyewe. Wawuda alisimama, akaketi, akaikaza leso. Upepo wa kwanza, mwepesi, ukaiinua leso ukaiangusha. Akaitundika tena. Picha zikamwagwa upya kwa mpangilio mwingine. Chungu. Nyuki. Jembe, safari hii ni jembe kweli, lina mpini. Mwezi. Akagusa. Bawabu akalia. Ule uliokuwa mviringo haukuwa mwezi, ulikuwa jicho la samaki, au kitu gani, Mungu ndiye ajuaye. Asubiri dakika mbili. Imebaki nafasi moja.

Akikosea ya tatu mlango unafungwa dakika arobaini, na baada ya dakika arobaini hapatakuwa na nyavu za kukunja.

Uani Mwaluma alikuwa ameshatupa sindano yake ya kushonea. Alikuwa amesimama akizitazama nyavu, na nyavu zilikuwa zimeanza kuvimba.

"Dada, mbona hukunji?"

Yeye mwenyewe asingeweza kuingia. Bawabu humpokea mlinzi wa zamu tu, walinzi wawili wasije wakavutana. Wawuda alilijua hilo, na Mwaluma alilijua. Kilichobaki ni kimoja.

"Mwaluma, njoo ndani."

Akaja, vumbi nyweleni.

"Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Picha. Niambie ziko wapi. Kila moja."

Siri ya mlinzi haisomewi mtu, na Mwaluma alimkodolea macho kama mtu aliyeombwa amwoshe mgongo.

"Dada, huoni?"

"Soma, Mwaluma."

"Nauliza tu, maana ni hapa, ni mbele yako..."

"Upepo hausubiri maswali yako. Chungu kiko wapi?"

Mwaluma akainama ubavu, mgongo wake mbovu ukamlia, akasoma. Chungu, safu ya juu, mwisho. Hapana, kwa alivyolala, chini. Alimshika Wawuda kidole cha shahada akakipeleka kama unavyompeleka mtoto kuandika herufi ya kwanza. Chungu. Nyuki. Jembe. Mwezi. Mlango ukafunguka, njano ikawaka kushoto, na kabla Mwaluma hajaachia kidole chake mkono wa pili wa Wawuda ulikuwa umeshaamuru nyavu zikunjwe.

Zilikunjwa kutoka chini kwenda juu, safu baada ya safu. Wawuda akazifuata moja moja kwenye herufi zake kubwa, akaisukuma hii, akaipunguzia ile kasi isijivuruge, vidole vyake vikitembea bila kusita. Mwaluma alisimama nyuma yake akitazama. Miaka yote hakuwahi kumwona akifanya kazi.

Safu ya juu kabisa, ile iliyo juu ya shule, haikuwahi. Waliisikia kabla ya kuiona, mlio kama wa kitambaa kikichanwa dukani. Nyavu kumi na moja.

*

Baraza lilikaa jioni ya siku iliyofuata, kwenye benchi za nje, mbele ya skrini ya ukutani. Bi Mkawasi, mwenyekiti, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alisoma kutoka kwenye karatasi. Nyavu kumi na moja. Shule na nyumba ishirini zilizo chini yake watachukua maji tangi la kanisani mpaka nyavu mpya zishonwe, na kushona ni wiki sita. Mtambo umeandika kwamba Wawuda alikosea mlangoni mara mbili, akapita mara ya tatu. Dakika nne zimepotea.

"Nani anaeleza?"

Mwaluma akasimama kabla Wawuda hajaweka miguu sawa.

"Naeleza mimi. Lawama ni ya Bawabu. Amelala ubavu miezi mitano, na mimi ndiye niliyeisimamisha ile skrini, kwa hiyo lawama nyingine nipeni mimi. Na jua lilikuwa dirishani. Hata tai asingeziona zile picha."

Watu wakaguna kukubali. Kila mtu pale alikuwa amemwona Bawabu amelala ukutani, na kila mtu alikuwa amewahi kuinamisha shingo akacheka. Ilikuwa raha kupata wa kulaumiwa asiye na mdomo.

"Fundi?" akasema Bi Mkawasi.

Righa alisimama na sanduku lake. "Ni kweli, Bi Mwenyekiti. Na sehemu ni kosa langu. Nilikuwa nahifadhi ndani kitu kilichotakiwa kuwekwa mlangoni. Kinarekebishika leo hii, mbele yenu. Ninatakiwa tu niambiwe nakala iwe ya nani, na sababu, niisome kama kanuni inavyotaka."

"Iwe yangu," Mwaluma akasema upesi. "Sababu ni kwamba skrini imesimama, Bawabu naye asimame. Imetosha."

Ingetosha kweli. Bawabu angesimama wima, kulia, picha zake ndogo zilezile, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Mwaluma aliketi bila kumtazama Wawuda, na Wawuda akajua kwamba yule mwanamume hatasema mpaka anaingia kaburini. Righa naye alikuwa ameinamia kidude chake, masikio yamemsimama kama ya sungura, naye pia hatasema. Kila mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili yake, kwa upole. Kazi yake salama. Nyumba yake salama. Chupa yake ingemsubiri mezani.

Mama mmoja wa nyumba za chini ya shule, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa tayari amebana dumu lake kwapani ili awahi foleni ya tangi la kanisani. Wawuda alimtazama akijipenyeza kati ya benchi, akisema samahani, samahani, kana kwamba kosa ni lake.

"Haya," Bi Mkawasi akasema. "Kama hakuna neno lingine, fundi aweke ya Mwaluma."

"Lipo," Wawuda akasema.

Alisimama polepole. Mwaluma akamvuta pindo la leso, kidogo tu, kama mtu anayezuia mlango usibamizwe na upepo. Wawuda akaliondoa pindo lake mkononi mwa Mwaluma.

"Miezi mitano namsema Bawabu," alianza, na sauti ilitoka na hasira, ingawa haikujulikana amemkasirikia nani. "Nimemsema mpaka nimechoka. Kwamba hanijui, kwamba hajali, kwamba anaijua siri yangu na shida yangu haijui. Kumbe kila kitu nimekifungia chumbani mwenyewe, na funguo nimezilalia."

Watu wakatazamana. Bi Mkawasi akaweka karatasi magotini.

"Wawuda, unasema nini?"

"Ngoja kwanza, Bi Mwenyekiti. Kuna mtu nina deni lake la jibu." Akageuka upande wa kulia, mwili mzima, maana kugeuza jicho kusingemsaidia kitu, mpaka akampata Righa. "Fundi, siku ile uliniuliza swali nikakutegea kitendawili. Ulifikiri njiani?"

"Nilifikiri, mama," Righa akasema taratibu.

"Ukapata?"

"Nilitaka nikose."

Wawuda akatikisa kichwa. Upande wake wa kushoto skrini ya ukutani ilimetameta, Bawabu amelala juu yake na picha zake za mtama, akisubiri kuambiwa.

"Dirisha nililoliziba ni jicho langu la kulia. Halioni kitu tangu mwaka juzi, na la kushoto linaona herufi kubwa za njano, zikiwa upande wa kushoto. Weka mpangilio wangu mlangoni, na hiyo ndiyo sababu, isome hivyo hivyo. Na pale niliposema mwanga haukupungua, nilikudanganya. Ulipungua."